Ndege Itamchukulia Wapi Mgonjwa

Ninyi mnaoanza kazi ya bima siku hizi mna viti vinavyozunguka na mashine inayowajibu kabla hamjamaliza kuuliza. Siwaonei wivu, mgongo wangu haungeweza kiti cha namna ile. Ila nina swali moja kwenu, na naomba kila mmoja ajiulize kabla ya kumpa mteja kalamu atie sahihi. Huyu mtu anakwenda visiwani, umemuuzia bima ya kuchukuliwa na ndege akiugua. Sasa hiyo ndege itamchukulia wapi?

Msiseme "huko huko aliko". Mimi nilisema hivyo kwa miezi minane, nikakosea kwa miezi minane, na sikujua.

Jina langu ni Zakaria Omolo, mtu wa Katito. Niliingia kazini Kisumu katika miaka ya themanini, kwenye ofisi ya wakala wa bima iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Hatukuwa kampuni yenyewe, sisi tuliuza mikataba ya kampuni mbalimbali za Nairobi. Bima ya magari ilikuwa na watu wanne. Bima ya moto ilikuwa na watu wawili. Bima ya wasafiri ilikuwa na mtu mmoja, Mama Perpetua Anyango, na mimi niliwekwa kwake kwa sababu wale wengine walinikataa. Nilikuwa naongea sana.

Mama Perpetua alikuwa mtu wa Pap Onditi, na kabla ya bima alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na miwili. Alibaki na viatu vyake vya hospitali, vyeusi, vya soli laini, hivyo hukumsikia akija. Unaongea na mteja, unamwahidi mambo, ghafla unahisi mtu amesimama nyuma ya bega lako anasikiliza. Hakukukatiza. Alingoja mteja aondoke, kisha akakuuliza, "Hilo ulilomwambia liko ukurasa gani?"

Na alisoma mkataba kuanzia nyuma. Nilidhani ni mazoea ya ajabu ajabu tu, mpaka siku moja nikamuuliza. Akasema kurasa za mbele huandikwa na watu wa kuuza, na za nyuma huandikwa na watu wa kukataa, na yeye alipenda kuzungumza na wa kukataa kwanza. Nimefanya kazi hii karibu miaka thelathini na sijapata ushauri bora kuliko huo.

Wateja wetu wa visiwani mwanzoni walikuwa wageni waliokuja kuvua sangara kwa mchezo, pamoja na watu wa misheni. Kisha akaja Mwalimu Hezron.

Mwalimu Hezron Oduor alikuwa mwalimu mkuu mstaafu aliyeishi Manyatta. Alikuwa mrefu, na suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi wa kukata kidole. Alikuja na wazo ambalo hatukuwahi kulisikia kutoka kwa mtu wa hapa. Walimu wastaafu ishirini na wawili, waume kwa wake, wamekodi meli ndogo ya abiria wazunguke ziwa kwa siku sita: Kendu Bay, Homa Bay, Mbita, halafu visiwani hadi Mfangano. Aliniambia kuwa baadhi yao walifundisha miaka arobaini wakiliona ziwa dirishani, wakawachorea watoto visiwa vyote ubaoni, na hawajawahi kukanyaga hata kimoja.

Nilimpenda papo hapo. Nikamtolea mkataba ulionivutia kuliko yote, wenye picha ya ndege jaladani na muuguzi anayetabasamu mlangoni. Nikamwambia, Mwalimu, mtu akiugua huko ndege inakuja. Akatia sahihi kwa niaba ya wenzake wote.

Alipoteremka ngazi, Mama Perpetua akachukua nakala yangu. Akaifungua kwa nyuma.

"Zakaria, kuja hapa. Hapa wameandika mgonjwa atachukuliwa kutoka hospitali aliyolazwa, apelekwe hospitali yenye uwezo zaidi. Kule Mfangano atakuwa amelazwa hospitali gani?"

Nikasema kuna zahanati.

Akarudi ukurasa mmoja, akanionyesha kwa kalamu jinsi kampuni ile ilivyoeleza maana ya hospitali. Ni jengo lenye chumba cha upasuaji na daktari mchana na usiku. Zahanati haikuwamo. Kwa hiyo, akaniambia, huyu mzee akiugua Mfangano atatafuta mtumbwi, avuke mpaka Mbita, atafute gari mpaka Homa Bay, alazwe, na akishalazwa mbele ya daktari ndipo ndege yako ije kumtoa kwa daktari.

Hakunifokea. Alinirudishia karatasi na kusema niende Manyatta leo leo nikamwambie mwenyewe.

Mwajua ni aibu gani kumrudia mtu uliyemuuzia kitu kwa maneno matamu, ukamwambia hakifai? Nilitembea taratibu nikiomba nisimkute. Nilimkuta. Alinisikiliza nikiwa nimesimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa kufika shule, na hakunikaribisha kiti mpaka nilipomaliza. Kisha akamwita mkewe, Mama Dorsila, naye mmoja wa wale walimu wa safari, alete chai. Alisema ni mara ya kwanza kwake kuona mtu wa bima akirudi kabla ya ajali.

Sasa sikilizeni jinsi Mama Perpetua alivyochagua mkataba wa pili, kwa sababu hapa ndipo kazi ilipo. Alitandaza mezani mikataba ya kampuni tatu, akafunika majalada yote kwa magazeti ili picha zisinidanganye tena. Akatafuta neno "kutoka" katika kila mmoja. Wa kwanza ulikuwa ule wangu, ukaondoka. Wa pili ulisema kutoka uwanja wa ndege ulio karibu, na hatukujua nani angemfikisha mgonjwa uwanjani. Wa tatu ulisema kutoka mahali mgonjwa alipo, mradi daktari wa kampuni akubali na ndege iweze kutua.

Nilidhani tumemaliza. Yeye akatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa saba na nusu mchana, akavuta simu. Kila kampuni ilikuwa imeandika nambari ya dharura, na yeye alitaka kujua nani anapokea watu wengine wakiwa wamekwenda kula. Kampuni ya kwanza simu iliita mpaka ikakatika. Ya pili ilipokelewa na askari wa mlangoni, mtu mpole sana, akasema wote wametoka na yeye hana ufunguo. Ya tatu ilipokelewa na mwanamke ambaye hakusema hata habari ya mchana. Aliuliza, "Mgonjwa yuko wapi, na anapumua?"

Mama Perpetua akamweleza kwamba hakuna mgonjwa, alikuwa akijaribu nambari, na akamwomba radhi. Yule mwanamke akasema hakuna shida, afadhali kujaribu. Mama akaweka simu chini na kuandika jina la kampuni ile kwenye kitabu chake. Mpaka leo nikitaka kujua kama kampuni ina maana, napiga simu saa ya chakula.

Ule mkataba ulikuwa na yale maneno, "ndege iweze kutua". Mama Perpetua akaniuliza kama inaweza. Sikujua. Yeye pia hakujua, na alilisema hilo bila haya, jambo ambalo sikuwa nimelizoea kwa wakubwa wa ofisi. Akanituma nikaangalie.

Hivyo ndivyo nilivyopanda mtumbwi wa injini Mbita nikiwa na shati jeupe, tai, na mkoba wa ofisi kwenye magoti. Nilitapika mara mbili. Mwanamke mmoja aliyekuwa na kapu la sabuni alinishika mkanda wa suruali nisitumbukie, akaendelea na mazungumzo yake bila hata kunitazama.

Kiwanja cha ndege cha Mfangano nilikikuta, nyasi tupu, na juu ya nyasi ng'ombe. Naibu wa chifu alinieleza kwa upole kwamba ndege isipokuwepo, pale ni malisho, na ndege haipo siku nyingi. Mama Perpetua alikuwa ameniagiza nilete urefu kwa hatua, basi nikaanza kutembea nikihesabu. Katikati fahali mmoja akanitazama vibaya nikakimbia, hesabu ikapotea, nikaanza upya kutoka mwanzo. Nilipima mara tatu. Nikaandika pia kichuguu kilipo na upande ambao ardhi inainama.

Kwenye zahanati nilimkuta tabibu, Bwana Silvano, mtu wa maneno machache. Alikuwa na redio ya mawasiliano iliyozungumza na ofisi ya misheni Kisumu, na ofisi ile ilikuwa na simu. Nikafurahi. Kisha nikamuuliza redio huwashwa saa ngapi. Akasema asubuhi mpaka saa nne, halafu saa kumi jioni, kwa sababu betri ni dhaifu. Katikati hapo imezimwa.

Vijana, nikiwaambia nilifanya jambo moja la maana katika safari ile, basi ni kuuliza redio huwashwa saa ngapi. Swali hilo halimo kwenye mkataba wowote. Nilikubaliana na Bwana Silvano kwamba siku walimu watakapokuwa kisiwani ataiacha redio wazi mchana kutwa, na sisi tungepeleka betri nyingine kwa mtumbwi wa Mbita. Tuliipeleka. Niliandika kadi ndogo zenye jina lake na maelezo ya zahanati ilipo, kila mwalimu akapewa yake.

Ikabaki fomu ya afya. Hapa ndipo wengi wenu mnapoharibu, kwa sababu mnamsomea mteja maswali kama mtu anayeita majina ya darasa, "kisukari hakuna, presha hakuna, sahihi hapa". Mama Perpetua aliwaita walimu mmoja mmoja kwenye chumba cha ndani, akafunga mlango, na hakuwa na haraka. Walitoka mle wamepunguza sauti. Wengine walimshukuru.

Mwalimu Hezron alijaza fomu yake mwenyewe nyumbani. Kila mstari, hakuna, hakuna, hakuna, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Mama Perpetua aliisoma, akamwomba waingie ndani. Mimi nilikuwemo nikipanga karatasi, na akaniacha nibaki.

Alimwambia alimwona akipanda ngazi zetu. Mwalimu alikohoa mara moja, na alipokohoa aliweka mkono chini ya tumbo, upande wa kulia, akajibana. Alimuuliza kama ana ngiri.

Mwalimu alisimama. Mjue huyu ni mtu aliyeheshimiwa mtaa mzima, na anaulizwa habari za kinena chake na mwanamke, mbele ya kijana.

"Mama, mimi si mgonjwa wako," akasema.

"Najua, Mwalimu. Nakuuliza sasa kwa sababu bado hujawa mgonjwa."

Aliondoka bila kuaga. Nilikasirika kwa niaba yake, nikamwambia Mama Perpetua tumempoteza mteja na wenzake ishirini na mmoja. Akasema huenda. Akasema pia kwamba kama fomu ile itakwenda Nairobi jinsi ilivyo, basi tumemuuzia Mwalimu karatasi tu, kwa sababu siku ngiri itakapombana watauliza alikuwa nayo tangu lini, na wakijua aliificha watakuwa na haki ya kumkatalia.

Siku ya pili akarudi na Mama Dorsila. Mama Dorsila ndiye aliyezungumza. Alisema mzee anayo ngiri, huu mwaka wa tatu, anairudisha ndani kwa mkono akidhani mkewe amelala. Mwalimu aliangalia dirishani muda wote. Mama Perpetua hakumfanya ajisikie mdogo. Alimshauri afanyiwe upasuaji kwanza, yeye akasema safari kwanza. Basi akamtuma kwa daktari akaleta barua, ngiri ikaandikwa ukurasa wa pili wa fomu, kampuni ikasoma, ikakubali kumchukua pamoja na ngiri yake. Jibu lilichukua wiki moja na simu nyingi. Meli ilisubiri.

Waliondoka asubuhi ziwa likiwa limetulia, wanaimba nyimbo za kanisani, nami nilikwenda gatini kuwapungia mkono.

Siku ya nne, wakiwa Mfangano, mtumbwi uliokuwa uwapeleke upande wa pili wa kisiwa ulikwama mchangani. Wazee wakasaidia kusukuma. Mwalimu Hezron naye akasukuma, kwa kuwa hakutaka kuonekana amesimama. Ilikuwa baada ya saa tatu asubuhi. Akahisi kitu kimetoka na hakirudi. Alikaa kwenye jiwe, akasema anapumzika. Karibu saa nzima alikaa pale akijaribu kukirudisha bila mtu kujua, mpaka Mama Dorsila akaona jasho, akaona anavyotapika pembeni, akatoa kadi kwenye mkoba wake.

Simu ilinifikia mimi saa tano na robo. Mtu wa misheni alinisomea ujumbe wa Bwana Silvano neno kwa neno: ngiri imebana, imekuwa ngumu, anatapika, hapitishi hewa. Mama Perpetua alikuwa anakula mahindi ya kuchemsha. Nilipomsomea, aliweka gunzi chini, akafuta mikono, akapiga Nairobi.

Akaunganishwa na daktari wa kampuni. Mimi nilisikiliza kwenye simu ya pili, ndiyo maana najua yote yaliyosemwa. Daktari hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mbali. Alipendekeza mgonjwa avushwe kwa boti mpaka Homa Bay, wampime huko, kisha wataona. Mama Perpetua akamwambia upepo wa ziwa huanza mchana, na kwamba mtu mwenye utumbo uliobanwa akirushwa na mawimbi kwa saa mbili, halafu barabara, atafika utumbo umeoza. Alizungumza kwa maneno ya kiuguzi ambayo sikuwahi kumsikia akiyatumia. Kisha akasema polepole, "Daktari, mkataba wenu unasema kutoka mahali mgonjwa alipo. Yuko Mfangano."

Daktari akauliza alichokuwa lazima aulize, kama mgonjwa alikuwa na ngiri kabla ya safari.

"Alikuwa nayo. Ukurasa wa pili, mstari wa sita, na barua ya daktari imeshikizwa nyuma."

Tulisikia makaratasi yakipekuliwa. Sijui kama ilikuwa dakika moja au tatu. Mimi nilikuwa naangalia kidole cha Mama Perpetua, kilikuwa kinagonga meza bila sauti.

"Nimeiona," daktari akasema. "Ndege itoke."

Rubani akaja kwenye simu, naye akauliza kuhusu kiwanja. Mama Perpetua alinitazama, akaninyooshea kidole nizungumze. Nikamsomea hatua zangu, kichuguu, upande unaoinama. Akaniuliza nina hakika. Nikamwambia nimepima mara tatu. Akaniuliza habari ya ng'ombe. Nikasema wapo.

Yaliyofuata kisiwani niliyasikia baadaye kutoka kwa walimu wenyewe, na kila mmoja aliyasimulia kana kwamba alikuwa peke yake. Bwana Silvano alipopata habari kwa redio kwamba ndege inakuja, aliwaambia walimu kiwanja lazima kiwe kitupu. Wakaenda wote. Wengi walikuwa na zaidi ya miaka sitini, mmoja alikuwa na fimbo. Waliwafukuza ng'ombe kwa miavuli, kofia na vitenge, kisha wakajipanga mistari miwili, kushoto na kulia, wakasimama juani kama watoto wa shule kwenye gwaride, ng'ombe wasirudi. Walisimama hivyo zaidi ya saa mbili. Hakuna aliyekaa. Ndege ilipotua katikati yao, rubani alifikiri ni mapokezi ya mtu mkubwa.

Kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja wa kumsindikiza mgonjwa. Hilo pia Mama Perpetua alikuwa amelitafuta kwenye mkataba. Mama Dorsila akapanda. Daktari wa kampuni alikuwa amesema wapelekwe Nairobi, na tulipokuwa tukisubiri Mama Perpetua akampigia tena, akamwambia kuna mpasuaji Kisumu aliyekwisha kunawa mikono, na Kisumu ni karibu zaidi kuliko Nairobi. Mkataba ulisema hospitali ifaayo iliyo karibu. Daktari akacheka kidogo, akasema, "Mama, wewe ungekuwa huku kwetu." Akakubali.

Tuliingoja ndege uwanjani Kisumu na gari la wagonjwa. Mwalimu alipoteremshwa kwenye machela, uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu, na mstari wa pasi haukuwepo tena. Alimwona Mama Perpetua, akafumba macho. Mama akamshika mkono wakaenda hivyo mpaka garini.

Upasuaji ulifanyika jioni ile ile. Mpasuaji alituambia utumbo ulikuwa umebadilika rangi lakini ulirudi, hakuhitaji kuukata, na kwamba mgonjwa angefika kesho yake mazungumzo yangekuwa mengine. Nilikwenda kumwona Mwalimu wodini wiki ile. Hakuongea sana. Aliniuliza nilihesabu hatua ngapi pale kiwanjani. Nikamwambia. Akauliza za mtu mrefu au mfupi.

Nimeuza mikataba mingi baada ya hapo na mingi nimeisahau. Mambo yalibadilika. Ilikuja faksi, zikaja simu za mkononi, kampuni zikaungana na zingine zikafungwa, na walimu wakaendelea kwenda kila mwaka, wanapungua na kuongezeka. Nataka niwaambie mwaka mmoja tu kati ya hiyo, katika miaka ya tisini, ule aliostaafu Mama Perpetua.

Walimu walimwalika aende nao. Alikubali. Na siku moja nikainua macho nikamkuta ameketi kwenye kiti cha wateja, mkoba magotini, sikumsikia akiingia. Mimi sasa ndiye niliyekuwa na meza. Nikacheka, yeye hakucheka. Akasema amekuja kujaza fomu.

Nikafunga mlango. Nikamuuliza yote, bila haraka, kama alivyonifundisha. Tulipofika kwenye moyo akasema niandike. Alikuwa akitumia dawa mwaka wa pili. Hakuna mtu ofisini aliyejua. Miezi michache nyuma alikuwa amelazwa siku tatu, na sisi alituambia anakwenda mazishini.

Nilijua mkataba ule unasema nini kuhusu moyo uliolazwa karibuni. Kalamu yangu ilisimama. Nitawaambia ukweli, nilifikiria kuruka ule mstari. Yeye ndiye aliyeniokoa nisifukuzwe kazi mara mbili, ndiye aliyesimamia ndoa yangu. Alikuwa ananitazama tu, hanisaidii.

Nikaandika moyo, tarehe ya kulazwa, na dawa. Kisha nikafungua mkataba kwa nyuma, nikasoma kwa sauti mpaka mwisho.

"Mama," nikasema, "kwa moyo wako hawatakuja."

"Soma tena."

Nikasoma tena. "Hawatakuja."

Akavua miwani akaifuta kwa leso, muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Nilidhani nimemuumiza. Kisha akaniuliza, kwa sauti ile ile ya kazi, basi tunafanya nini.

Tukatandaza ramani ya ziwa mezani, sisi wawili, kama zamani. Tuliibadilisha safari, fomu tukaiacha jinsi ilivyokuwa. Angekwenda na walimu Kendu Bay, angelala pale, kesho yake Homa Bay, na hapo angeshuka, kwa maana mpaka hapo kote kulikuwa na barabara na hospitali haikuwa mbali. Visiwani wangekwenda wao. Nami ningemngoja Homa Bay na gari la ofisi.

Nilifika mapema, nikaiona meli ikiingia, walimu wamejaa ukingoni. Mwalimu Hezron, ambaye wakati huo alitembea taratibu, alimshika Mama Perpetua mkono akimteremsha kwenye ubao wa kushukia. Walimu wakampungia vitambaa mpaka meli ikageuka kuelekea Mbita. Alikuwa amevua viatu, anavibeba mkononi, sketi imelowa hadi magotini kwa sababu, aliniambia, asubuhi ile Kendu Bay aliingia majini.

Nikamfungulia mlango wa gari. Hakuingia. Alisimama pale akiitazama meli mpaka ikawa kitu kidogo, nami nikangoja.

"Zakaria," akasema, "miaka yote hii nililijua ziwa kwa mabaya yake tu. Kumbe ni zuri hivi."